Miche ya Amani na Majina Yake

Mtu akiniletea mche usio na jina, kitu cha kwanza ninachoangalia ni kikonyo cha jani. Jani lenyewe nalitazama baadaye. Kitalu changu kipo Muheza, na Muheza ni mji wa machungwa, kwa hiyo miche mingi inayofika mikononi mwangu ni ya jamii hiyo. Mchungwa una vibawa vyembamba pande zote mbili za kikonyo. Mdanzi una vibawa vipana zaidi. Mbalungi una vibawa vikubwa kiasi kwamba asiyejua atadhani ni majani mawili yaliyoungana, dogo chini na kubwa juu. Mlimau karibu hauna kitu. Nikishamaliza kikonyo nafikicha jani na kulinusa. Kabla sijauliza mche umetoka wapi wala nani aliuuza, mara nyingi nimeshajua kama mwenye nao alinunua mchungwa kweli, au aliuziwa limau kali ambalo halijabebeshwa bado.

Ujuzi huu niliupata kwa babu yangu mzaa mama, aliyefanya kazi kwenye vitalu vya Amani enzi za Mwingereza. Yeye aliupata kwa wazee aliowakuta hapo, walioanza kazi enzi za Mjerumani. Naandika habari zake kwa sababu historia ya Amani, kila ninapoisoma, ni historia ya maprofesa na magavana. Miche inatajwa humo kana kwamba ilijiatika yenyewe, ikajimwagilia maji, ikajihamishia shambani. Waliojua kwamba huu ni mdalasini na ule ni mkafuri, wakati yote miwili bado ina urefu wa kidole, hawamo.

Amani ipo juu ya milima ya Usambara Mashariki, barabara inayopanda kutoka Muheza kupitia Sigi. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha hapo taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, yule aliyesafiri na Emin Pasha hadi nchi za maziwa makuu. Kabla ya hapo wakoloni walikuwa wamefyeka msitu mwingi wa Usambara kupanda kahawa, na kahawa ikawaangusha. Walidhani udongo uliobeba miti mikubwa vile lazima uwe na rutuba isiyokwisha, kumbe rutuba yote ilikuwa kwenye majani yanayooza juu, na msitu ukiondoka nayo inaondoka. Hasara hiyo iliwafundisha kwamba hawaijui nchi. Wakaamua kujaribu kila kitu.

Majaribio yenyewe yalikuwa yameshaanza pwani. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf aliingiza mkonge. Aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyosalimika hadi kupandwa karibu na Pangani vilikuwa 62 tu. Mashamba ya mkonge ya Tanga ambayo babu zetu walikata kwa kipande yalitokana na hivyo 62. Watu husimulia habari hiyo kwa kustaajabia idadi. Mimi namfikiria zaidi mtu aliyekuwa anavikagua kimoja kimoja, kwa sababu mkonge mchanga unaweza kukupoteza: una vimiba vidogo pembeni mwa jani ambavyo huja kutoweka ukikua, na wapo ndugu zake wa Mexico wanaobaki na miba hiyo maisha yao yote. Katika umri wa kichipukizi wanakaribiana sana.

Amani ilipewa eneo linaloanzia bonde la Sigi, kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye matuta ya zaidi ya mita 1,000. Nia ilikuwa kwamba mmea wa joto upandwe chini, wa baridi upandwe juu, na wa katikati ujaribiwe kotekote. Mfano walioufuata ulikuwa bustani ya Buitenzorg huko Java, ambayo leo ni Bogor. Albrecht Zimmermann, aliyekuja kuiongoza Amani baadaye, alikuwa amefanya kazi huko. Ikaletwa mikwinini, mipira ya aina kadhaa, mikafuri, midalasini, mikungumanga, mikaratusi, vanila, na miti ya mbao kutoka Asia na Amerika. Kati ya 1904 na 1910 ilijengwa reli nyembamba ya kilomita kama 23 kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, hadi Sigi. Kazi yake hasa ilikuwa kushusha magogo, lakini nayo ilifupisha safari ya vifurushi vya mbegu vilivyopanda mlima.

Sasa fikiria kitalu kinachopokea mbegu za nchi kumi kwa mwaka mmoja. Kifurushi kina jina, lakini kifurushi ni karatasi. Mbegu nyingine zimeshakufa melini. Nyingine zimechanganyika. Udongo wa tuta nao una mbegu zake, za magugu na za miti ya msituni, na masika yakianza vyote vinachomoza pamoja. Mtu wa kwanza anayelazimika kuamua kipi ni mche na kipi ni gugu ni yule anayepalilia. Kwa siku za kwanza hata yeye hawezi, maana majani mawili yanayotoka na mbegu hayafanani na majani ya mti. Lazima asubiri jani la tatu, na mara nyingi la tano. Babu alikuwa mkali sana kwa jambo hili. Aliyepalilia tuta kabla ya jani la tatu alihamishiwa kubeba maji.

Na hata jani la tano linaweza kukuficha. Mfenesi mchanga mara nyingi hutoa majani yenye mikato mirefu pembeni, na ukiuona umri huo utaapa kwamba ni mshelisheli. Mfenesi ukikua unaacha mikato, jani linakuwa zima na la mviringo. Mshelisheli unaendelea na mikato yake hadi uzeeni. Namna ya kuitofautisha ni kuchimba kidogo. Mshelisheli wa pwani yetu hauna mbegu na hutokana na machipukizi ya mizizi, kwa hiyo ukiona ganda la mbegu shinani, huo ni mfenesi. Mikaratusi nayo ina tabia hiyo. Ipo ambayo uchangani majani yake ni ya mviringo, yana rangi ya majivu na yameelekeana wawili wawili kwenye tawi. Mti ukikua majani yanakuwa marefu kama mundu, na yananing'inia moja moja. Mtu aliyeuona mti mzima tu hawezi kuutambua mche, na aliyekulia kitaluni anaweza kushindwa kuutambua mti. Wazee wa Amani walijua pande zote mbili kwa sababu waliiatika miche, wakaihamisha, kisha wakaishi kijiji hicho hicho miaka thelathini wakiiona ikipanda juu.

Nilipokuwa mtoto, babu alikuwa ameshastaafu lakini alikuwa bado anazunguka bustani ya zamani, na alinichukua kila likizo. Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya maswali.

"Hili jani la nini?"

"La mdalasini, babu."

"Umelinusa?"

"Bado. Nimeona ile mishipa mitatu."

"Basi hujajua, mjukuu wangu. Nusa kwanza, ndipo uniambie."

Alikuwa sahihi. Mdalasini na mkafuri ni ndugu wa ukoo mmoja, na yote miwili ina mishipa mitatu mikuu inayoanzia karibu na shina la jani. Yote miwili hutoa majani mekundu yakiwa laini. Jicho litakupeleka hadi kwenye ukoo na kukuacha hapo. Ukifikicha, mmoja unatoa harufu ya chai ya viungo na mwingine harufu ya sanduku la nguo za sikukuu, na ubishi umekwisha. Mtiki, uliokuja kujaza shamba la Longuza huko bondeni, una dalili nyingine kabisa: fikicha jani lake changa na vidole vitabaki na rangi nyekundu kama ya damu. Mwembe hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba, yanayolala chini kana kwamba yamenyauka, na ukiyavunja yananuka embe bichi. Pua, vidole na ulimi vilikuwa vifaa vya kazi pale Amani kama ilivyokuwa hadubini, isipokuwa hadubini iliandikwa kwenye orodha ya mali ya taasisi.

Kuna mahali ambapo ujuzi wa mikono ulifika mwisho, na babu mwenyewe aliusema mwisho huo waziwazi. Mkwinini ni mfano mmoja. Aina yenye majani mapana na magome mekundu hutofautishwa kwa urahisi na ile yenye majani membamba. Lakini miti hiyo inachanganya damu kwa wepesi, na mbegu za shamba lenye aina mbili huzaa machotara wa kila sura. Kilichowaleta Wajerumani kwenye mkwinini ni dawa iliyo ndani ya gome, na wingi wa dawa hiyo hauonekani kwenye jani. Mche wa kwinini uliopoteza kibati chake cha jina ni mche ambao thamani yake itajulikana baada ya miaka kadhaa, gome likishapelekwa maabara. Thamani hiyo ilikuja kupimwa kwa namna ya kutisha. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofunga njia ya bahari, jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck lilitibiwa malaria kwa kwinini iliyotokana na magome ya Usambara. Miche iliyopandwa kwa majaribio ikawa sababu mojawapo ya vita kuendelea kwenye ardhi yetu hadi 1918, na waliobeba mizigo ya vita hivyo wakafa kwa maelfu kwa maelfu, Wasambaa na Wabondei wakiwamo. Siwezi kuusifu mkwinini wa Amani bila kulisema hilo.

Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916. Baada ya hapo kituo kilikaa miaka kadhaa bila kazi ya maana, na kwa bustani ya milimani yenye mvua nyingi, miaka michache inatosha. Kibati kinashika kutu, waya unazama ndani ya gome, mti unaanguka na kuondoka na jina lake, na chini yake yanachomoza machipukizi ambayo hakuna aliyeyaandika. Kituo kilipofunguliwa upya mwaka 1927 kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, chini ya William Nowell, waliofika walikuta bustani iliyo nusu msitu. Miti mikubwa ilitambulika kwa maua na matunda. Miche iliyojaa chini ya miti hiyo ilihitaji mtu wa kuulizwa.

Mtaalamu wa mimea aliyefika Amani mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Peter Greenway. Huyu namheshimu. Mwaka 1937 alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na majina yake ya kisayansi, na toleo lililopanuliwa likafuata mwaka 1940. Kamusi kama hiyo haiandikwi kwa kukaa ofisini. Kila jina lililomo lilitoka kinywani mwa mtu aliyesimama mbele ya mmea na kusema, huu tunauita hivi. Maelfu ya majibu ya namna hiyo yamo kwenye kitabu hicho, na jaladani lipo jina moja la mwandishi. Sisemi kwamba Greenway aliiba, maana alifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya, na hadi leo nikikwama naitafuta kamusi yake. Nasema kwamba upande wa pili wa mazungumzo yale haujaandikwa bado.

Kazi iliyomvutia babu kuliko zote ni ya mihogo. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa unamaliza mihogo ya Afrika Mashariki, na mtafiti wa Amani, H. H. Storey, na mwenzake R. F. W. Nichols wakaanza kuitafutia dawa shambani, kwa kuzalisha mihogo inayohimili ugonjwa. Storey huyo ndiye aliyeeleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa mwingine wa mihogo, ule wa michirizi ya kahawia. Njia waliyoipata ilikuwa ya ajabu kwa mkulima wa kawaida. Walichavusha mhogo kwa mpira wa Ceara, mti ulioletwa kwa ajili ya utomvu wake, ambao ni ndugu wa mhogo lakini mizizi yake hailiki. Watoto waliozaliwa walikuwa warefu, wa miti mitupu, bila viazi vya kusifiwa. Wakarudishwa kwa mhogo mara ya pili, na ya tatu, na kila mara wakichaguliwa wale ambao batobato haikuwagusa sana.

Mkulima hupanda mhogo kwa vipande vya shina, na kipande ni mama yule yule aliyeendelea. Mhogo uliotoka kwenye mbegu ni mtu mpya. Kaka na dada wa tunda moja hutofautiana kwa kila kitu kisichoonekana: uchungu, wingi wa wanga, uwezo wa kustahimili ugonjwa. Kwa hiyo kila mche ulipewa namba, na namba ndiyo iliyokuwa jina lake pekee. Uliojulikana kuliko yote uliitwa 5318/34. Babu alisema kwenye matuta yale ilikuwa marufuku kugusa kijiti cha namba hata kama kimeanguka. Unasimama, unamwita msimamizi. Jani lisingekusaidia, harufu isingekusaidia, na ndiyo maana mtu aliyejivunia kuitambua miti yote ya Amani gizani kwa pua alikubali kunyamaza mbele ya kijiti chenye namba. Mwaka 1956 mbegu za 5318/34 zilipelekwa Nigeria, zikatoa mhogo ulioitwa 58308, na huo ukawa mzazi wa mihogo mingi inayostahimili batobato inayolimwa Afrika Magharibi na kwingineko. Mtu anayekula gari, ule unga wa mhogo, huko Lagos anakula damu ya mche wa Amani. Kama kijiti kimoja kingehamishwa na mbuzi, sijui tungekuwa tunasema nini leo.

Kuchanganyika kwa namna hiyo kulishawahi kutokea kwa ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda madirishani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake huko kwao ua hilo. Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Katika kile kilichopelekwa zilikuwamo aina mbili, na zikauzwa na kuoteshwa pamoja kwa jina moja kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1950 ndipo B. L. Burtt wa Edinburgh alipoitenga moja na kuiandika kama aina yake. Mjadala haukuishia hapo, kwani mwaka 2015 ukoo mzima ulihamishiwa ndani ya Streptocarpus. Huko Los Angeles nako, wakulima wa maua waliootesha mbegu zake kwa maelfu katika miaka ya 1920 walichagua miche kumi bora na kuipa majina ya kibiashara, isipokuwa mmoja ulioingia sokoni kwa namba yake ya kitaluni, 32. Mimi nampenda huyo Namba 32 kuliko wenzake wote. Alipendwa kabla hajabatizwa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili kituo cha kilimo kilihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria. Mikusanyo ya mimea iliyokaushwa, yaani kumbukumbu yenyewe ya nini ni nini, ikaenda Nairobi, na ipo huko hadi leo katika hifadhi ya mimea ya Makumbusho. Kumbukumbu za zamani zaidi, zile za Wajerumani, zilikuwa Berlin, na nyingi ziliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943. Kwa hiyo miti ikabaki Amani, majina yake yakiwa sehemu Nairobi na sehemu majivu. Waliobaki na miti ni watu wa vijiji vya kuzunguka bustani. Ndipo babu na wenzake, waliokuwa vibarua wa daraja la chini, wakawa ndio daftari. Mgeni akifika kutafuta mti fulani alielekezwa kwa mzee fulani, na mzee alimfikisha.

Kuna mti mmoja ambao ungetambuliwa mapema uchangani mwake, Usambara ingekuwa na hali nyingine. Waganda huuita musizi, na jina lake la kisayansi limetokana na Emin Pasha. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita kutoka upande wa ziwa Victoria, ukapandwa kama mti mwingine wowote wa majaribio. Unakua haraka, unazaa sana, na hondohondo wanayapenda matunda yake. Ndege hao hula hapa na kuangusha mbegu kule, kilomita nzima ndani ya msitu. Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980 magogo yalikatwa kwa wingi, msitu ukabaki na matundu, na kila tundu lilipopata jua musizi uliwahi kabla ya miti ya asili kama mnyasa, mtambaa na msambu. Leo upo kila mahali. Eneo hilo limekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani tangu 1997, lina hekta 8,380, na kazi mojawapo inayowasumbua wahifadhi ni huu mti wa kupandwa uliogeuka kuwa wa kujiotea.

Kuung'oa ukiwa mdogo ni rahisi. Kuutambua ukiwa mdogo ndiko kazi. Mche wa musizi una jani linalong'aa, pembeni limechongoka meno madogo, na ncha yake imevutwa kuwa ndefu. Majani yamekaa karibu kuelekeana lakini si sawasawa. Kandokando yake inaota miche ya miti ya asili ambayo haipo popote duniani isipokuwa milima hii na ya jirani. Ukimpa panga kijana asiyejua, atasafisha vyote. Nimewahi kushirikishwa katika kazi ya namna hiyo, na nilichoona ni kwamba vijana wenye vyeti vizuri walikuwa na vitabu vya kutambua miti kwa maua na matunda. Mche hauna ua wala tunda. Aliyewasaidia ni mama mmoja mkata kuni, ambaye tangu utoto wake alipita humo akijua kipi cha kukwepa kwa sababu kina upupu, kipi cha kufungia mzigo na kipi kitamfaa miaka kumi ijayo.

Msambu nao unatufundisha jambo jingine. Mbegu zake zina mafuta mazuri, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimetafutwa na viwanda vya vyakula, kwa hiyo wakulima wa Usambara wamehimizwa kuupanda. Mbegu inaweza kukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota. Ukishaota, hujui kama ni dume au jike, na dume hazai. Hakuna jani, harufu wala utomvu utakaokuambia. Ndivyo ilivyo kwa mkungumanga, na kwa mpapai, ingawa kwa mpapai unasubiri miezi tu. Watu hunijia na imani zao, kwamba mzizi ulionyooka ni dume au mbegu iliyozama majini ni jike. Nawasikiliza, lakini siuzi kwa imani hizo. Kwa msambu jibu ni kubebesha kitawi cha mti jike unaojulikana juu ya mche, kisha kuandika mti mama ni upi. Kama hujaandika, umerudi mwanzo.

Hapo ndipo ninapowalaumu wenzangu wa vitaluni, na nawalaumu kwa uchungu. Barabarani kote kuanzia Segera hadi Dar es Salaam utaona viriba vya miche vimepangwa kwa maelfu bila jina hata moja. Muuzaji anasema tu, hii ni embe, hii ni parachichi. Embe gani? Imebebeshwa kutoka wapi? Mnunuzi anapanda, anatunza miaka minne, anakuja kugundua alichonacho wakati hakuna tena wa kumuuliza. Wino wa kalamu kwenye plastiki unafutwa na jua kabla ya mvua za vuli. Penseli haifutiki. Kipande cha kopo la soda kilichokwaruzwa kwa msumari kinadumu kuliko vyote na hakigharimu kitu. Andika jina, mti mama, na tarehe ya kubebesha. Amani nayo iliandika mihogo yake, ingawa kwa namba tu, na dunia ikala.

Na kwa wewe uliye Muheza, Korogwe, Lushoto au popote penye mzee aliyewahi kufanya kazi bustanini: wazee walioanza kazi enzi za Mjerumani wameshakwisha, na waliofundishwa na hao, kama babu yangu, nao wamekwenda. Tumebaki sisi, wajukuu wa ujuzi huo. Nenda naye mzee wako shambani msimu huu wa masika, wakati miche inachomoza, ukiwa na daftari. Muulize kila mche anauonaje, ananusa nini, anautofautisha na upi. Andika anachosema kwa maneno yake, na juu ya ukurasa uandike jina lake.